Gari imekufa, deni liko hai

Shikamoo mjomba,

Mimi ni binti wa Tanga, Ngamiani kabisa, ila saivi niko Arlington hapa Texas mwaka wa sita huu, nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee zamu ya usiku. Majibu yako kwa wenzangu huwa nasoma nacheka tu, sikujua kama na mimi ntakuja kukaa chini niandike, haya leo yamenifika.

Wiki tatu zilizopita nimetoka zamu, saa moja na robo asubuhi, niko Cooper nataka kuingia I-20, taa yangu kijani kabisa, jamaa na pikapu lake akapita taa nyekundu akanibamiza ubavuni upande wa abiria. Gari ikazunguka ikapanda ukingo, eabegi zote zikafumuka, yaani mpaka leo nikisikia honi moyo unaruka. Kiti cha mtoto kilikuwa upande ule ule aliogonga, alhamdulillah mtoto alikuwa kwa dada. Polisi wakaja, kumbe jamaa hana bima, akapewa tiketi yake akaondoka na pikapu lake linatembea, mimi ya kwangu ikavutwa na winchi. Shingo iliuma siku mbili tatu nikawa nameza vidonge, bado inauma uma nikilala vibaya ila naenda kazini hivyo hivyo.

Sasa gari yenyewe ni Nissan Altima ya 2019, SV, nilinunua kwa dila (muuza magari) kwa mkopo, nimeshalipa miezi 22 bila kuchelewa ata mwezi mmoja, dola 487 kila tarehe 15. Nina ile bima ya huku wanaita ful kavareji, bima kubwa ya kwetu. Nikajua basi bima italipa, ntapata gari nyingine, maisha yaendelee. Wapi mjomba! Jumatatu ajasta (mtu wa bima anayekadiria hasara) kanipigia anasema gari ni totali losi, yaani imekufa haitengenezwi, thamani yake kabla ya ajali ni dola 12,450, wanakata 1,000 ya kwangu inabaki 11,450, na hiyo yote inaenda benki, mimi sipati ata senti. Nikapiga simu benki kuuliza deni nikaambiwa 17,070. Nilikaa chini. Yaani 5,620 bado nadaiwa kwa gari ambayo haipo! Miezi 22 nimelipa zaidi ya elfu kumi, nilidhani deni limebaki kidogo.

Ajasta kanitumia karatasi za kusaini kwenye simu, anasema nisaini haraka maana gari ya kukodi wanayonilipia inaisha Ijumaa. Alafu shemeji yangu (mume wa dada) ananiambia usilipe tena benki, gari haipo utalipaje kitu hakipo, waache wahangaike na bima wenyewe. Na anasema niwaambie bima wanirudishie gari yenyewe mbovu tuitengeneze au tuitupie kwenye kontena iende Dar. Mwenzangu kazini yeye anasema niende kwa dila wanakupa gari siku hiyo hiyo na deni la zamani wanalimalizia wao. Tarehe 15 ni wiki ijayo na mimi sijui nishike lipi niache lipi. Upatu wangu zamu yangu ni mwezi wa kumi na moja, nilipanga hela ile nimpeleke mama hospitali, sitaki kuigusa.

Nimekutumia picha za kila karatasi niliyonayo, za dila, za bima na ile ripoti ya bei waliyonitumia. Mimi Kiingereza cha hizo karatasi kinanishinda, kwenye mkataba wa dila nimeona bei ya gari 17,900, kodi 1,119, taito (hati ya umiliki) na ada zingine 301, alafu kuna 2,180 imeandikwa sijui sevisi kontrakti, na kuna 900 imeandikwa herufi tatu tu, GAP. Nilitoa 1,000 mkononi wakaandika mkopo 21,400, miezi 72, riba 17.9. Nilisaini zote siku ile nilikuwa nimetoka zamu nasinzia, yule kijana anageuza kurasa mimi nasaini tu.

Nisaidie mjomba.

Binti wa Tanga, Arlington

* * *

Marahaba mwanangu, pole sana, na hongera kwa kuwa hai maana picha ya ule ubavu nimeiangalia nikafunga simu kwanza.

Kabla ya hela, shingo. Wiki tatu bado inauma halafu unanyanyua wazee usiku kucha, nenda kwa daktari wiki hii, usingoje. Na usiogope bili, kwenye ukurasa wa kwanza wa bima yako (ule wenye orodha ya vitu ulivyolipia) kuna mstari wa PIP dola 2,500. Hiyo ni bima yako mwenyewe, inalipa matibabu na asilimia 80 ya mshahara ulioupoteza, haijali nani kagonga nani. Hapa Texas kampuni lazima wakupe hiyo PIP, wewe usipoitaka ndio unasaini kuikataa, na wewe hukuikataa, ipo. Ajasta hakukutajia kwa sababu hukuuliza. Nimekaa miaka 11 kwenye ofisi za madai ya bima huku Irving kabla sijaacha, najua tulivyokuwa tunafanya kazi, mtu akiuliza anajibiwa na asipouliza faili linafungwa.

Sasa turudi kwenye ile picha ya mkataba wa dila. Mwanangu, zile herufi tatu ulizoniandikia kama kitu kidogo, GAP, dola 900, ndio jibu la barua yako yote. Unalia na 5,620 na kumbe bima ya kuilipa uliinunua mwenyewe siku ile unasinzia! Gapu kazi yake ni hiyo moja tu, gari ikifa au ikiibiwa, bima ya kawaida inalipa thamani ya gari, na kama deni ni kubwa kuliko thamani basi lile pengo la katikati wanalilipa wao. Kijana wa dila hakukueleza maana alikuwa na haraka ya kamisheni yake, na leo akikukuta njiani hatakumbuka kama alikuuzia. Nayo haiji yenyewe. Benki hawataianzisha, bima ya gari hawataianzisha, ni wewe unapiga simu kwa kampuni ya gapu (namba iko kwenye ile karatasi ya kurasa nne, picha yako ya tisa) unafungua dai. Watataka barua ya malipo ya bima, ripoti ya bei, nakala ya hundi, ripoti ya polisi, mkataba wa mkopo na historia yako ya malipo benki. Na wana siku zao za mwisho za kupokea, kwenye karatasi yako wameandika 90 tangu bima walipe, kwa hiyo usiweke kwenye droo.

Hapo ndipo ushauri wa shemeji unapokuwa sumu. Nisamehe, najua ni mume wa dada yako na anakupenda, lakini akinyamazishwa leo itakuwa heri. Ukiacha kulipa benki, kwanza wanakuandika kwenye krediti, rekodi yako ya mikopo, ukipita siku 30, pili, na hii ndio watu hawaijui, gapu hailipi marejesho uliyochelewesha wala faini zake. Wanahesabu deni kama vile ulikuwa umelipa kila mwezi mpaka siku ya ajali, kilichozidi ni chako. Kwa hiyo 487 usiyolipa tarehe 15 haipotei, inakusubiri mbele na faini juu yake. Mimi hili silisemi kwa kusoma, 2008 nilikuwa na gari ya mkopo ikafa kwenye mvua ya mawe na mafuriko, nikaacha kulipa miezi miwili nikisubiri bima, nikajiona mjanja. Bima ikalipa, deni likaisha, lakini ile alama ikabaki, nikaenda kupanga nyumba nikanyimwa na mke ananiangalia. Lipa tarehe 15, lipa na inayofuata kama gapu hawajamaliza. Ikizidi watakurudishia.

Na ujue kwa nini deni halijashuka, maana umeniuliza kama vile umeibiwa. Hukuibiwa, umekopeshwa kwa asilimia 17.9. Umelipa mara 22, jumla 10,714. Kati ya hiyo 4,330 tu ndio imepunguza deni, zilizobaki 6,384 zote riba, zimekwenda. Saivi hilo deni linakula riba ya dola 8 na senti 37 kila siku, kwa hiyo ile 17,070 waliyokuambia Jumatatu leo siyo tena. Waombe benki barua ya kumalizia deni, ile inayoonyesha kiasi cha siku 10 mbele na riba ya kila siku, ajasta ataihitaji na gapu wataihitaji.

Haya sasa ajasta. Usisaini kwanza. Nimeangalia anachokupa, kuna mambo matatu hayajakaa sawa, la kwanza ndio kubwa.

Amekulipa kupitia kolishoni (kifungu cha bima yako cha gari kugongana), ndiyo maana anakukata 1,000. Lakini shuka mstari wa tano kwenye ule ukurasa wa bima yako, kuna UMPD dola 25,000. Hiyo ni bima ya kugongwa na mtu asiye na bima, yaani haswa haswa yule jamaa wa pikapu, na dedaktibo yake (kile kiasi wanachokukata wewe kwanza) hapa Texas ni 250. Ukiwa na zote mbili uchaguzi wa utumie ipi ni wako wewe. Kwa nini kakuweka kwenye ya 1,000? Labda haraka, labda kolishoni haihitaji kuthibitisha kosa la nani na yeye anataka kufunga faili, mimi simjui. Wewe mwandikie, siyo simu, andika: nataka dai langu lipite UMPD kwa kuwa dereva aliyenigonga hana bima na ripoti ya polisi inaonyesha alipita taa nyekundu. Ripoti yenyewe inaitwa CR-3, unainunua kwenye tovuti ya idara ya barabara ya Texas kwa dola 6, isome kwanza uhakikishe yule askari ameandika hivyo na kwamba mahali pa bima ya jamaa hapana kitu. Hapo tayari 750 imerudi upande wako kwa barua ya mistari mitatu.

Na ukiwa kwenye UMPD hata ile gari ya kukodi inaangaliwa tofauti. Ile inayoisha Ijumaa ni ya kifungu chako cha kukodi chenye ukomo wake wa siku. UMPD yenyewe inabeba gharama ya kukaa bila gari. Zamani hapa Texas walikuwa wanasema gari ikitengenezeka unalipwa siku za kukosa gari, ikifa kabisa hulipwi, kitu cha ajabu kweli, mpaka mahakama kuu ya jimbo ikaja kusema mwaka 2016 kwamba hata iliyokufa unastahili, kwa muda unaoingia akilini wa kutafuta nyingine. Muda unaoingia akilini, siyo miezi minne, usije ukaniharibia jina. Ila wiki moja mbili za ziada kwa maandishi unaziomba bila aibu. Na kiti cha mtoto kiweke humo humo. Kimegongwa upande ule ule, usikitumie tena hata kama kinaonekana kizima, piga picha, tafuta bei ya kipya, peleka.

Jambo la pili ni kodi. Bei waliyokupa 12,450 ni ya gari tupu. Wewe ukienda kununua nyingine leo serikali ya Texas itakudai asilimia 6.25 na ada za taito, na bima wanatakiwa wahesabu hivyo vitu. Asilimia 6.25 ya 12,450 ni 778. Mimi kwenye karatasi yako siioni. Inawezekana iko ukurasa ambao hukuupiga picha, muulize tu kodi iko wapi, ajasta akisikia neno hilo anajua amekutana na mtu.

La tatu ni ile ripoti ya bei. Wameandika gari yako ni S. Wewe unasema SV, na namba ya chasisi kwenye taito inasema SV. Hizo ni gari mbili tofauti kwa bei. Alafu wamelinganisha na Altima tatu, moja iko Waco, na kila moja wameipunguza thamani kwa ajili ya hali ya gari, eti ya kwako mikwaruzo, viti, tairi. Tairi! Kwenye picha zako kuna risiti ya tairi nne mpya, 560, za miezi miwili nyuma. Wapelekee hiyo risiti, na uwatafutie Altima SV za 2019 zenye maili zinazokaribiana na zako zinazouzwa Arlington, Fort Worth, Grand Prairie, tatu nne zinatosha, piga picha ya tangazo lenye bei na namba ya chasisi. Usiwaambie "gari yangu nilikuwa naipenda" wala "nilinunua 17,900", hiyo haiwahusu, wao wanalipa thamani ya siku moja kabla ya ajali, basi.

Ila hapa nikuambie kitu ambacho washauri wengi wanakiruka maana wanapenda kuonekana wapiganaji. Kwa kuwa una gapu, kugombana sana juu ya bei hakukuongezei wewe hela mfukoni. Piga hesabu na mimi. Chukua hiyo hiyo 12,450, ongeza kodi 778, toa 250, inakuja 12,978. Deni 17,070. Pengo 4,092. Ukiwabana wakapandisha mpaka 13,500, pengo linapungua, lakini pengo lilikuwa la kampuni ya gapu, siyo lako, kwa hiyo umewasaidia wao. Ili hela ianze kuja kwako bei ingebidi ipite deni, na Altima ile haifiki 17,000 hata ukiiswalia. Kwa hiyo rekebisha kosa la SV na tairi kwa sababu ni kweli na kwa sababu kitu chochote kinaweza kutokea kwenye gapu, lakini ukipewa jibu la kati usilale na hasira. Kuna njia kwenye mkataba wa bima ya kila upande kuweka mthamini wake na wa tatu akaamua, asiye na gapu ningemwambia aifikirie, wewe utatoa mamia ya dola kumlipa mthamini kwa faida ya watu wengine.

Na bado kuna ile 2,180 ya sevisi kontrakti. Hiyo ni waranti ya ziada waliyokuuzia, miezi 48 au maili 48,000. Gari imekufa, waranti ya nini? Unaifuta na wanarudisha sehemu isiyotumika. Wanaangalia muda na maili, iliyoliwa zaidi ndio inayohesabiwa, na wewe umeendesha maili 31,000 kwa miezi 22 (mwanangu unaendesha sana), kwa hiyo imebaki 17,000 kati ya 48,000, kama dola 772, watoe ada yao ya kufuta 50, karibu 720. Haiji kwako inakwenda benki kupunguza deni, na gapu wataikata kwenye hesabu yao hata kama hujaiomba! Ndiyo, wanaikata kama vile umeshaipata. Usipoifuta, 720 inakubakia wewe kulipa. Fomu ya kufutia iko kwa dila, nenda mwenyewe, usikubali "tutakupigia".

Basi ukifanya hayo pengo linabaki kama 3,370 na hiyo ni ya gapu. Kuna gapu zinazobeba na dedaktibo ya bima na kuna zisizobeba, yako sikuona inasema hivyo, hesabu kwamba 250 ni yako. Kuna nyingine zina ukomo, hazilipi kama mkopo ulizidi kiasi fulani cha bei ya gari, wengine asilimia 125 wengine 150. Wewe ulikopa 21,400 kwa gari ya 17,900, karibu 120, na karatasi yako imeandika 125, umepita kwenye tundu la sindano. Laiti ungeburuza na deni la gari ya nyuma kama mwenzako wa kazini anavyotaka ufanye saivi, ungekwama.

Huyo naye tummalize. Dila hakumalizii mtu deni. Anachofanya anachukua lile deni analipandisha juu ya gari mpya, unaondoka na gari ya 15,000 kwenye mkopo wa 20,000, kwa riba ile ile au zaidi, na siku hiyo gari ikigongwa hautaniandikia mimi utamwandikia wakili. Subiri gapu imalize, deni lifike sifuri, upate barua ya benki inayosema sifuri. Halafu nenda krediti yunioni (kama SACCOS ya kwetu), wapo wanaowakopesha wahudumu wa afya kwa riba ya kibinadamu, na miezi 22 ya kulipa bila kuchelewa ndio silaha yako, unaona kwa nini nilikataa ya shemeji. Upatu wa mama usiuguse. Lakini muulize kijumbe kama kuna anayeweza kubadilishana na wewe zamu ya upatu, si kwa ajili ya gari, kwa ajili ya huyo mama, maana kama wiki mbili tatu hizi utakosa zamu za kazini kwa sababu ya shingo, kodi ya nyumba haitakusubiri na itataka kula hela ya mama.

Na hiyo ya kuchukua gari mbovu, mwambie shemeji gari hiyo bado ina jina la benki kwenye taito, benki ndio wameishika. Kuichukua bima wanakata thamani ya chuma chakavu kwenye malipo, deni la benki linabaki kubwa zaidi na gapu nayo inakata. Halafu iende Dar ikafanye nini na usukani wa kushoto? Iacheni iende mnadani, wapo wanaozinunua zikaenda mpaka Kongo, hao wanajua biashara yao.

Kuhusu karatasi za kusaini kwenye simu. Zikija upya zenye hesabu iliyorekebishwa, ile ya kuwaruhusu wachukue taito saini, ile ya maili za gari saini. Lakini kuna moja nimeiona, ya tatu, inasema umepokea malipo na unaachilia madai yote yanayotokana na ajali. Yote? Madai ya gari ni jambo moja na madai ya mwili wako ni jingine. Waambie waandike mali tu, shingo bado iko kwa daktari. Usipoelewa neno usisaini, una haki ya kuomba mkalimani, na kama hawana nitumie mimi.

Ajasta akikuzungusha, usigombane naye kwenye simu. Andika kwa barua pepe, mkumbushe sheria ya bima ya Texas sura ya 542: wakishapata karatasi zote wana siku 15 za kazi kukubali au kukataa, na wakishakuambia tunalipa wana siku 5 za kazi kulipa. Zikipita unafungua malalamiko Idara ya Bima ya Texas, Austin, mtandaoni, bure, huhitaji wakili. Mimi nilipokuwa kwenye hizo ofisi, barua kutoka Austin ikiingia meneja alikuwa anasimama kutoka kwenye kiti. Lakini anza kwa upole, nusu ya mambo haya ni uzembe tu.

Kesho ukitoka zamu, kabla hujalala, piga gapu, halafu upige yadi ya mnada uwaulize wanafunga saa ngapi maana una vitu vyako mle, namba za gari uzing'oe, na kile kibandiko cha TollTag (cha kulipia barabara za tozo) kwenye kioo ukibandue ukakifute kwenye akaunti. Kuna kijana hapa Irving alikiacha, gari ikanunuliwa mnadani ikatengenezwa, akaja kushangaa bili za barabara ambazo hajapita, na kila wiki zinaongezeka.